Mita Iliyoendelea Kunipa Namba

Mwanangu Raya,

Assalaam alaykum. Nakuandikia wewe ukiwa umekwenda Kiembe Samaki kumuaga khalati yako, ndugu wa mama yako, na najua hutarudi upesi, kwa sababu khalati yako hamwachi mtu aondoke kwake bila ya kula. Nyumba iko kimya. Sanduku lako liko hapa ukumbini, limeshafungwa kamba, na kila nikipita nageuza uso.

Mambo ya safari shangazi yako Zuwena ameshakwambia kwenye simu, na mwenyewe atakuja kukupokea huko Maskati. Nguo gani uchukue, nani wa kumwamkia mwanzo, ofisini kwa mumewe utakakofanya kazi ukae vipi, hayo sina la kuongeza. Naandika kwa sababu ya jana. Jana ulikuwa unakunja nguo, ukasema bila ya kuninyanyulia uso, "Baba, mie sijui kama ntarudi." Nami nikakujibu, "Haya." Nikashuka ngazi, nikenda dukani, nikakaa mpaka magharibi sijagusa kitu.

Haya. Neno gani hilo la kumpa mtoto anayeondoka?

Nataka kukuhadithia habari ya mama yako. Sikusudii kukupa siri, kwa sababu siri haipo. Kila mtu katika ukoo anaijua, na mimi ndiye niliyewaambia. Lakini wewe umeisikia kwa watu, huyu amekuja na kipande chake cha huruma, yule na kipande chake cha lawama, na kwangu mimi hujaisikia hata mara moja. Umeishi na mimi nyumba moja miaka yote hii na habari hiyo hatujawahi kuiweka baina yetu tukaitazama.

Unajua kwamba babu yako, baba yangu, alikuwa na mashamba ya karafuu. Mimi nilipopata akili yalikuwa yameshaondoka, yamebaki maneno. Nilikulia katika nyumba ambayo wakubwa wakizungumzia mashamba kama wanavyozungumzia maiti, kwa sauti ya chini na kwa kuyasifu kuliko yalivyokuwa. Nilichoka nayo. Nikajifunza ufundi wa redio hapo Mkunazini, na shangazi zako waliona haya, mtoto wa watu anashinda kwenye kiduka amekamata koleo, mikono inanuka risasi ya kulehemu. Mimi nilipenda. Redio ikiletwa imekufa, ukaitafuta ilipofia, ukaifufua, mtu anakushukuru mbele ya macho yako. Hakuna habari za zamani.

Mama yako alikuja dukani na redio ya baba yake, ameifunga ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Alikuwa ametoka kwao Kusini alfajiri.

Nikamuuliza, "Inaumwa nini?"

Akaniambia, "Ningelijua inaumwa nini ningekuja kwako?"

Basi. Nikaipokea redio, na kwa muda wote niliokaa naye sikuwahi kumshinda kwa maneno. Mize binti Pandu. Nilipopeleka posa, shangazi yako mkubwa alisema nimekwenda kuokota mke shamba. Mama yako maneno hayo yalimfika, maana mji huu haufichi kitu, na alipoingia nyumbani humu kama bibi arusi alimbusu mkono shangazi yako huyo kabla ya wote. Baadaye nilimuuliza imekuwaje. Akasema, "Kwani alikosea? Si shamba ndiko nilikotoka?"

Nitarudi kwake. Kwanza nikwambie habari ya ile mita.

Unaijua, ile kubwa ya mezani iliyo kwenye rafu ya juu dukani, iliyofunikwa kitambaa. Niliinunua kwa fundi mmoja wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao, na wakati huo fundi mwengine wa mtaani mwenye mita kama ile hakuwepo. Inapima umeme wa kila namna, na inapima masafa vilevile, yaani mawimbi yanatetema mara ngapi kwa kila sekunde. Kijitabu chake kilisema wazi kwamba masafa inapima mpaka megahezi moja. Zaidi ya hapo hawadhamini.

Redio za watu majumbani hazikuwa na haja ya zaidi. Lakini redio za mawasiliano, zile za kuitana mbali, zinasemea juu sana kuliko hapo, na mimi nilitamani kuzishika. Siku moja nikaitega mita kwenye redio ya chombo cha baharini, megahezi nne na kitu, kwa kutaka kuona tu. Nilidhani itanyamaza, au itaniandikia kosa. Haikunyamaza. Ilinipa namba, na namba yenyewe ilikuwa karibu sana na ile iliyoandikwa juu ya kristali. Kristali ni kile kijiwe kilichomo ndani ya redio kinachoishikilia isihame mahali pake.

Nikaichukua redio ile mpaka uwanja wa ndege kwa rafiki yangu Mselem, fundi mwenzangu, ambaye kazini alikuwa na chombo hasa cha kuhesabia masafa. Akapima. Namba zetu zikalingana.

Nikamwambia, "Umeona?"

Akasema, "Nimeona. Leo imekupa sawa. Lakini kijitabu si kimesema mwisho wake?"

"Wanaoandika vijitabu wanajilinda tu, Mselem."

Nikaipenda kauli hiyo. Nikawa naisema kwa kila aliyekaa dukani kwangu. Mwanangu, kauli uliyoipenda kwa kuwa imekupamba, hiyo ndiyo ya kuiogopa. Mimi niliisema mpaka nikaiamini, na nikawa naletewa redio za mawasiliano na watu wa vyombo, wa ofisi, wa miradi, na zote nikizipima kwa mita ile, na zote zikitoka sawa. Mama yako alikuwa akiniona ninavyorudi nyumbani nimejaa. Akisema, "Leo fundi amefufua nani?"

Wewe ulikuwa na miaka mitano alipokuwa na mimba ya mdogo wako. Ilipokuwa nzito alikwenda kwao kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo ada, na wewe alikuchukua. Kijijini kwao kulikuwa na kituo kidogo cha afya, na ndani yake redio ya kuitia gari ya wagonjwa kutoka mjini. Simu hazikuwepo. Leo kila mtu ana simu mfukoni na mnasahau, lakini wakati ule redio ile ilikuwa ndiyo mlango pekee wa kutokea.

Redio ile ikaharibika, na ikaletwa kwangu. Mwanangu, nilifurahi. Niliona kama Mwenyezi Mungu ameniletea kazi ya kumfanyia mke wangu mwenyewe. Niliisafisha, nikabadilisha vilivyoungua, ikasema. Ilibaki kuirekebisha masafa. Kristali yake ilikuwa imechoka, imekuwa dhaifu, na mimi nililiona hilo. Nikaitega mita. Ikanipa namba ya chini kidogo kuliko iliyoandikwa. Kuna skrubu ndogo pembeni, ukiizungusha unaivuta kristali juu au chini. Nikaizungusha, namba ikapanda, ikapanda, mpaka ikafika palipoandikwa. Ikatulia hapo, haichezi hata kidogo.

Sasa ninajua ilikuwaje. Mita ilikuwa imeshauvuka mbali mpaka wake, na kristali dhaifu, basi kila sekunde kulikuwa na mitetemo inaipita bila ya kuhesabiwa. Ilikuwa inahesabu pungufu na kuniambia imehesabu yote. Redio mwanzo ilikuwa sawa kabisa. Mimi ndiye niliyeitoa mahali pake, taratibu, kwa mkono wangu, huku nikitazama namba.

Nikaipeleka mwenyewe, siku ya Ijumaa. Bi Riziki, mkunga wa kituo, alinipokea. Nikaifunga, nikaiwasha, na mjini wakasikika wanazungumza na kituo chengine, sauti zao zimepotoka kidogo. Redio zile zina kitufe cha kusafishia sauti. Nikakizungusha, wakasikika kama wamo chumbani. Kitufe kile, Raya, kinasafisha unachokisikia wewe tu. Unachokisema wewe hakikigusi.

Baadaye kidogo nikaita. Hakujibu mtu. Nikaita tena. Nikatazama saa, watu walikuwa wameshakwenda msikitini.

Bi Riziki akasema, "Tusubiri watoke, tujaribu tena?"

"Hapana haja, Bi Riziki. Kama unawasikia hivi, na wao watakusikia."

Nilikuwa na njaa. Na nilikuwa na hamu ya kwenda kwa mama yako, ambaye nyumba yao ilikuwa hapo hapo mbele. Ndiyo sababu zote mbili, hakuna nyengine kubwa zaidi. Nimetafuta.

Alikuwa amenipikia pweza wa nazi. Wewe ulikuwa na nywele zimejaa mchanga, umekaa mapajani kwangu unanionyesha kombe la baharini. Nikamwambia mama yako kwamba redio imepona, iko karibu naye, likitokea lolote gari itakuja. Akaniambia, "Basi mie nshapona." Akaweka mkono kiunoni akanyanyuka kwenda kuniletea maji. Huko ndiko kumwona kwangu kwa mwisho.

Siku yenyewe sikuwepo. Nakwambia kama nilivyoambiwa. Alianza kutoka damu nyingi kabla ya mtoto kuja. Bi Riziki alitambua upesi kwamba si jambo la kituo chake. Akamwacha bibi yako Kidawa na wanawake wengine pembeni ya mama yako, yeye akenda kwenye redio akaita mjini. Na mjini alikuwepo mtu, amekaa mbele ya redio, yu macho, anafanya kazi yake. Jina lake Bwana Hafidh. Alikuja kunipa mkono wa pole na akaniambia mwenyewe, na nilimheshimu kwa hilo.

"Nilisikia kitu," alisema. "Kama sauti ya bata anayekabwa. Inakatika, inarudi. Nikadhani ni mawimbi ya mbali yameingiliana. Nikaipunguza, maana ilikuwa inaniumiza masikio."

Huyo bata alikuwa Bi Riziki. Redio ikiwa imehama mahali pake hata kidogo tu, sauti ya mtu inapotoka namna hiyo, maneno yote yanapotea. Na Bi Riziki kwa upande wake alikuwa anamsikia Bwana Hafidh vizuri kabisa. Aliniambia, na alipokuwa akiniambia alikuwa bado haamini: "Nikiwasikia! Wanazungumza habari za mashuka, mashuka mangapi yapelekwe wapi! Nawaita kwa majina yao, wao wanazungumza mashuka!"

Aliita mpaka sauti ikamkauka. Kisha wanaume wakambeba mama yako juu ya kitanda mpaka barabarani, wakasubiri chochote kipite, kikapita kigari cha kubebea mawe. Mjomba wako Haji alikaa nyuma amempakata kichwa. Walipofika Tunguu, mjini bado, alikuwa ameshakata roho, na mdogo wako pamoja naye. Hatukuwahi kumpa jina.

Nilikuwa dukani. Haji akasimama mlangoni, shati lake lote limebadilika rangi, akasema, "Shemeji, funga duka." Nikamuuliza, "Kuna nini?" Akasema tena, "Funga duka."

Baada ya mazishi nilikwenda kituoni nikaifungua redio, nikaibeba mpaka kwa Mselem. Akaiwasha, akategea chombo chake, akatazama muda mrefu.

"Imepanda juu," akasema. "Si nyingi."

"Nambie."

"Si nyingi, ndugu yangu. Lakini kwa sauti ya mtu ni nyingi." Kisha akazima chombo chake, kana kwamba namba ile si vizuri iendelee kuonekana. Alikuwa na haki ya kunikumbusha alichoniambia. Hakunikumbusha.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa bibi yako. Nilimkuta amekaa chini, wanawake wamemzunguka, wewe umelala juu ya mkeka pembeni yake. Nikawaomba watupishe kidogo. Nikamwambia, "Mama, redio ile nimeiharibu mimi. Niliipima kwa kitu kisichoweza kuipima. Bi Riziki angeita hata siku nzima, wasingemwelewa."

Akasema, "Siku yake ilifika, mwanangu."

"Mama, nisikilize."

"Nshakusikia. Usinitwishe na hilo. Mie nna mwanangu wa kumlilia, sina nafasi ya redio."

Mwanangu, hiyo ndiyo lawama pekee niliyopata uso kwa uso, kama ni lawama. Nikawaambia wengine. Nilimwambia imamu, akanisomea aya na kunitaka nisubiri. Nikawaambia shangazi zako, wakasema redio zenyewe mbovu, serikali yenyewe haina mafuta, hata wangesikia gari ingetoka wapi? Nilikwenda kwa mkubwa wa ofisi iliyokuwa na redio zile, nikamweleza kitaalamu, na skrubu nikamwonyesha. Akasikitika sana. Akasema vifaa ni chakavu, tunafanya kazi katika mazingira magumu. Kisha, Raya, akaniuliza kama nina nafasi ya kutengeneza nyengine.

Nilitoka pale nikakaa kwenye baraza ya watu nisiowajua. Nilitaka mtu mmoja tu anitukane. Anipige kofi. Nilikuwa nimekuja na kosa langu mikononi, nalitoa kwa kila mtu, na kila mtu ananirudishia kwa upole. Kadari. Ndiyo, kadari, sipingi, mimi ni Muislamu. Lakini mkono ulioizungusha skrubu ni huu ninaoandikia.

Na mbaya zaidi ni kwamba shangazi zako huenda wakawa wamesema kweli. Huenda gari haikuwa na mafuta. Huenda damu ile hata hospitali wasingeizuia. Nimekaa na jambo hili miaka yote nikijaribu kulipima, kwangu ni kiasi gani na kwa Mungu ni kiasi gani, na kila nikifika kwenye jibu naona silo. Nimeshakata tamaa. Nitakufa sijui.

Mita sikuivunja. Watu walidhani nitaivunja. Ya nini? Yenyewe ilishasema mwisho wake uko wapi.

Sasa nije kwako, na hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito.

Bibi yako alikulea mpaka ulipofika umri wa skuli, kisha nikaja kukuchukua, kwa sababu shangazi zako walisema haifai mtoto wetu akulie shamba. Ulimshika bibi yako kanga, vidole tukavifungua kimoja kimoja. Sikukuuliza unataka nini. Yeye sikumuuliza pia, na alikuwa ameshapoteza mtoto mmoja kwa sababu yangu. Nikakuleta katika nyumba hii, nikakupa chumba, nikakupa vitabu na sare za skuli, halafu nikarudi dukani.

Nilikuwa na hakika, Raya. Nilikuwa na hakika kwamba mtu kama mimi akikaa mbali nawe ndiyo rehema kwako. Ulikuwa unafanana na mama yako namna unavyokaza macho mtu akisema upuuzi, na nilijiambia kwamba nikikutazama utaona usoni kwangu kitu ambacho mtoto hapaswi kukiona. Hakuna aliyeniambia hivyo. Sikumuuliza mtu, nawe sikukuuliza. Nilijipimia mwenyewe, nikaridhika.

Unakumbuka ile Idi uliyovaa gauni la rangi ya manjano? Ulikuwa na kama miaka tisa. Jirani alikuwa amekusuka, umepakwa hina. Watoto wenzako walikuwa wanakusubiri nje mwende sikukuu Mnazi Mmoja. Ukaja ukasimama mlangoni mwa duka, ukaita, "Baba!"

Nikasema, "Naam," nimeinama kwenye kazi.

"Baba, tazama."

"Nimekuona. Umependeza."

Kisha ukasema, "Hujaniona."

Na kweli sikuwa nimenyanyua kichwa. Gauni la manjano nililiona nilipotazama nje baadaye, linakwenda, limeshafika pembeni mwa njia na watoto wengine. Nilikuwa na nafasi ya kukuita. Baada ya siku ile hukuja tena dukani ila umetumwa.

Kosa la redio lilikuwa la siku moja, na nilikuwa sijui. Hili la pili nimelifanya kila siku, mwaka baada ya mwaka, nawe ukikua mbele yangu, na ndani kabisa nilikuwa najua. Kwa lile la kwanza walikuwepo wa kuniliwaza. Kwa hili yupo nani wa kuniambia kwamba siku yake ilifika?

Uliwahi kuniuliza mama yako alikuwa akipenda kula nini. Ulikuwa msichana mkubwa, nakumbuka ulikuwa unaosha mchele. Nikasema, "Kila kitu." Ni uongo, Raya. Hakuwa akipenda kila kitu. Alikuwa hali papa kabisa, akisema ananuka hata akiwa hajapikwa. Alikuwa akipenda embe mbichi kwa chumvi na pilipili mpaka meno yakimfa ganzi. Alikuwa akigombana na redio. Msomaji wa habari akisoma, yeye alikuwa akimjibu, "Muongo wewe," "Nani kakwambia," huku anakuna nazi. Akilala alikuwa akijifunika uso na kuacha miguu nje. Akizungumza na mama yake alikuwa akigeuza maneno yote yawe ya kwao, nami sielewi hata nusu, na akijua kuwa sielewi alizidisha. Alikuwa anajua kusoma taratibu, akifuata kwa kidole, na alikuwa akiona haya kufanya hivyo mbele ya shangazi zako, kwa hivyo alikuwa akija dukani kusoma gazeti nyuma ya rafu. Alikupa jina hilo yeye. Shangazi zako walidhani ni mimi.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo, nikakunyima. Nilidhani nayalinda.

Wasia sina. Ningekuwa na wasia ningekuwa mtu mwengine. Kitu kimoja tu najua, na nakijua kwa sababu ya ule mchana wa Ijumaa: ningesubiri watu watoke msikitini. Ningekaa tu pale kituoni na njaa yangu, nikaita tena, mpaka mtu akajibu kwa sauti yake kwamba amenisikia. Nawe huko uendako, ukimpenda mtu, au ukiwa na mtoto, usitosheke na vile unavyomsikia wewe. Muulize kama na yeye anakusikia. Muulize hata kama unaona aibu kuuliza. Sina hakika kama hilo litakusaidia. Mimi sijawahi kulifanya.

Kuhusu kurudi. Usirudi kwa ajili yangu. Wanaokwenda Maskati nawaona wanavyorudi. Wanakuja na manukato na vitambaa, wanakaa kidogo wanalalamikia joto na umeme, wanaondoka. Ni wageni. Nami sitaki unijie mgeni, ukae kwenye kiti cha mbele, nikuulize habari za huko, uniambie nzuri. Kama hiyo ndiyo itakayokuwa, bora usije. Duka nalo haliendi. Siku hizi redio ikiharibika watu wananunua nyengine, na simu sizijui. Nitakuwepo tu. Nakwambia hivi si kwa kukutia huruma, ila jana ulisema hujui kama utarudi, na mimi nilikuwa na mengi ya kusema nikasema moja.

Kama hutaweza kumtembelea bibi yako kesho asubuhi kabla ya ndege, na najua hutawahi, basi nitakwenda mimi baadaye kumsalimia kwa niaba yako. Macho yake hayaoni vizuri sasa. Ananijua kwa hatua zangu, na ananiita mwanangu. Mpaka leo ananiita mwanangu.

Nilitaka kuendelea, lakini umerudi. Nakusikia huko chini kwenye ngazi. Kumbe uko na binti wa jirani, amekupokea mfuko, na kuna kitu amekwambia, sikukisikia ni nini, nawe unacheka. Unacheka mpaka pumzi zinakukatika, umeegemea ukuta nadhani, unamwambia basi, basi, utaniua. Miaka yote hii, mwanangu, na mimi sikujua kicheko chako kikoje. Naweka kalamu chini nikusikilize kidogo, kabla hujafika mlangoni ukanyamaza.

Baba yako